Waliobaki Bukumbi

Daladala zinazotoka mjini Mwanza kwenda kusini hupita Mkuyuni, Butimba, Nyegezi na Mkolani kabla ya kufika Buhongwa, na hapo abiria wengi hushuka. Wanaobaki huendelea Nyashishi hadi Usagara, ambako njia hugawanyika: moja inaelekea Misungwi na Shinyanga, nyingine inashika upande wa kulia kwenda Kigongo, kwenye daraja refu la kuvukia Busisi. Huku upande wa Ghuba ya Mwanza ndiko iliko Bukumbi. Wengi wanaijua kwa hospitali yake. Wasiojulikana sana ni watu waliolazwa katika udongo wake tangu mwaka 1883, misheni ya kwanza ya Kikatoliki katika Usukuma ilipoanzishwa hapo.

Nchi za Ulaya zina makanisa ya vijijini ya Zama za Kati, kuta zimebomoka na makaburi yamezunguka pande zote, ya miaka mia saba au mia nane. Kwetu Kanda ya Ziwa hakuna kitu cha umri huo. Hata pwani, ambako misikiti na makaburi ya mawe ya Kaole na Tongoni ni ya karne nyingi, alama za kwanza za Wakristo zililetwa na Wareno: kanisa dogo la Malindi na makaburi yake, mahali ambapo Fransisko Xavier alipita mwaka 1542 akiwa njiani kwenda India. Bagamoyo ilipata misheni yake mwaka 1868. Kusini mwa ziwa kulichelewa zaidi, lakini kulipofikiwa makaburi yalitangulia makanisa. Ndivyo ilivyokuwa Kageye, ndivyo ilivyokuwa Usambiro, na Bukumbi ilianzishwa na watu waliokwisha kuzika wenzao njiani.

Njia yenyewe ya kufika ziwani ni ya zamani kuliko misheni. Mwaka 1858 John Hanning Speke, akiongozwa na Sidi Mubarak Bombay, alitoka Kazeh, yaani Tabora ya leo, akaifuata nchi iliyo mashariki ya ghuba mpaka Mwanza, na tarehe 3 Agosti akaliona ziwa likiwa wazi mbele yake. Misafara ya pembe na watumwa ilikuwa inaijua nchi hiyo kabla yake. Kila aliyetoka pwani kwenda Buganda kwa njia ya kusini alilazimika kufika huku, kutafuta mtumbwi na kusubiri. Kusubiri huko ndiko kulikojaza makaburi, kwa sababu watu walikaa miezi kando ya maji yenye mbu, wakiwa wamechoka kwa safari ya miguu, na dawa walizokuwa nazo hazikutosha.

Wa kwanza kutajwa ni kijana Mwingereza, Frederick Barker. Henry Morton Stanley alifika Kageye, kwa mtemi Kaduma, kwenye pwani ya Ghuba ya Speke, mwishoni mwa Februari 1875. Aliondoka kulizunguka ziwa kwa mashua yake, Lady Alice, akamwacha Barker kambini. Aliporudi mwezi Mei alikuta kaburi. Barker alikuwa amekufa tarehe 23 Aprili, na pamoja naye watu kadhaa wa msafara, Waswahili na Wanyamwezi, ambao vitabu havikuwapa nafasi aliyopewa yeye.

Barua aliyoiandika Stanley akiwa kwa Mutesa, Kabaka (mfalme) wa Buganda, akiwaalika wamisionari, ilichapishwa London mwezi Novemba mwaka huohuo. Chama cha wamisionari wa Kianglikana, CMS, kiliitikia haraka. Mwezi Januari 1877 Luteni George Shergold Smith na wenzake walikuwa wamekwisha kufika Kageye. Mwezi Mei daktari wao, John Smith, alikufa hapo kwa ugonjwa wa tumbo. Desemba mwaka huo Shergold Smith na T. O'Neill waliuawa Ukerewe, wakiwa wamejiingiza katika ugomvi kati ya mtemi Lukonge na mfanyabiashara Songoro. Mhandisi kijana wa Kiskoti, Alexander Mackay, alipofika Kageye mwezi Juni 1878 alikuta mali za wenzake zimerundikwa na mashua yao, Daisy, imechakaa. Akaanza kuitengeneza.

Mwishoni mwa Desemba 1878 wakaja Mapadre Weupe, Wamisionari wa Afrika, waliotumwa na Askofu Mkuu Lavigerie wa Algiers. Mkuu wao wa msafara, Padre Pascal, alikuwa amezikwa njiani mwezi Agosti. Siméon Lourdel na Bradha Amans walivuka kwanza kwenda Buganda. Léon Livinhac, Ludovic Girault na Barbot walibaki Kageye wakisubiri mitumbwi ya Kabaka, na ilichukua hadi katikati ya mwaka 1879. Huko Buganda walikaa miaka mitatu na ushei. Mwishoni mwa 1882 Livinhac aliona hali ya kwa Mutesa haina usalama, akaamua wote wavuke tena kurudi kusini. Hawakurudi peke yao. Walikuja na watoto waliokuwa wamewakomboa kutoka utumwani.

Hapo ndipo Bukumbi inapoingia. Katika barua za Mapadre misheni ya hapo iliitwa Bibi Yetu wa Kamoga. Mwaka huohuo wa kuanzishwa kwake, 1883, Roma ilianzisha Vikarieti ya Kitume ya Victoria-Nyanza na kuikabidhi kwa Livinhac, eneo lililoshika sehemu kubwa ya nchi zinazolizunguka ziwa. Kwa muda, kijiji hiki kisichoonekana leo kwenye ramani nyingi kilikuwa kimbilio na makao ya kazi yote hiyo.

Kanisa lao la mwanzo tusilifikirie kuwa la mawe. Majengo ya misheni za ziwani katika miaka hiyo yalikuwa ya miti, udongo na nyasi, baadaye matofali mabichi yaliyokaushwa juani. Mchwa waliyala, mvua za masika ziliyabomoa, moto ulipoyashika ulimaliza kila kitu. Kilichodumu ni taratibu za watu waliokaa humo. Lavigerie aliagiza kila kituo kiwe na wamisionari wasiopungua watatu, wajifunze lugha ya wenyeji, wawafundishe wakatekumeni miaka minne kabla ya ubatizo, na kila siku waandike shajara. Sharti hilo la mwisho ndilo linalotufaa sisi tunaotafuta habari, maana kituo kilichojengwa kwa nyasi kiliandikwa kwa wino.

Watoto waliokombolewa ndio waliokuwa mhimili wa maisha ya Bukumbi. Walilima, walijifunza kusoma, walisali, waliugua. Mwaka 1887 alifika Jean-Joseph Hirth, akapewa kazi ya kuwafundisha vijana waliotumainiwa kuwa makatekista na mapadre. Mapadre wenyewe walijua ubaya uliojificha katika kununua watoto: fedha ya ukombozi iliweza kumpa mfanyabiashara sababu ya kurudi na mateka wengine. Hata hivyo mtoto aliyesimama mbele yao kwa minyororo hakuweza kusubiri hoja hiyo ifikie mwisho, na sidhani ningeweza kuwalaumu.

Naomba msomaji akae kidogo na jambo hili, kwa kuwa ndilo linalonifanya niandike. Msukuma wa wakati ule alizikwa kwake. Mkuu wa kaya alizikwa zizini mwa ng'ombe wake, mahali ambapo wanawe na wajukuu wangepita kila siku, wangemtambikia, wangemtaja kwa jina. Kaburi lilikuwa sehemu ya kaya. Mtoto aliyetekwa mbali, akapitishwa mikono ya watu wawili watatu, hatimaye akafikishwa Bukumbi, hakuwa na zizi la baba wala ukoo wa kumtambikia. Alipokufa kwa ndui au homa, uwanja wa kanisa ulikuwa ndiyo ardhi pekee ambayo mtu angeweza kusema ni ya kwao. Kwa hiyo makaburi ya misheni, ambayo mgeni anaweza kuyaona kama desturi ya kizungu iliyoletwa na mapadre, kwa watoto hao yalikuwa kitu kizito kuliko hicho: mahali pa kwanza ambapo kifo chao kilisomewa sala na watu waliowajua kwa majina.

Mwaka 1888 misheni za kusini zililemewa na historia nzito kuliko ukubwa wake. Mwanzoni mwa mwaka huo, katika ncha ya kusini ya ghuba, CMS walikuwa na kituo chao Usambiro, kwa mtemi Makolo. Mackay alikuwa amehamia huko baada ya kulazimika kuondoka Buganda mwaka 1887. Mwezi Machi 1888 alizika wenzake wawili ndani ya wiki mbili: Blackburn tarehe 12, na Askofu Henry Parker tarehe 26. Parker alikuwa mrithi wa James Hannington, aliyeuawa Busoga Oktoba 1885 kwa amri ya Kabaka Mwanga, aliyemrithi Mutesa. Maaskofu wawili wakawa wamekwenda katika miaka isiyofika mitatu, na Mackay akabaki na kiwanda chake cha uchapaji, vipande vya injini ya mvuke, na kazi ya kutafsiri Maandiko kwa Kiganda.

Mwezi Septemba Mwanga mwenyewe alipinduliwa. Oktoba, wamisionari wote wa Buganda, Wakatoliki waliokuwa wamerejea huko na Waanglikana, walifungwa kisha wakafukuzwa wakiwa pamoja katika mashua moja ya CMS iitwayo Eleanor. Kiboko aliitoboa njiani, ikazama, na baadhi ya vijana waliokuwamo wakafa maji. Waliookoka walijikusanya kisiwani, wakaitengeneza mashua, wakaendelea kusini. Waanglikana walikwenda Usambiro, Wakatoliki Bukumbi. Katika maisha yao Buganda makundi hayo mawili yalikuwa yamegombana mbele ya Kabaka juu ya dini ya kweli ni ipi. Mashuani walichota maji pamoja.

Kisha akaja Mwanga. Alikuwa ametoroka kwa mitumbwi akiwa na watu wachache, akatua Magu kwa wafanyabiashara Waarabu, na huko akanyang'anywa mali na kukaa kama mateka. Akatoroka tena, akabisha hodi Bukumbi. Miaka miwili na nusu kabla yake, tarehe 3 Juni 1886, vijana aliowatoa kwenye jumba lake walichomwa moto Namugongo kwa kukataa kuacha imani waliyofundishwa na mapadre hawahawa. Lourdel aliwafahamu mmoja mmoja, alikuwa amewafundisha. Sasa aliyetoa amri amesimama mlangoni, amechoka, anahitaji chakula na mahali pa kulala. Walimpokea. Alikaa nao miezi kadhaa, akala chakula cha misheni, akasikiliza mafundisho.

Sijui ukurasa mwingine wa historia ya Mwanza unaostahili kufundishwa shuleni kuliko huu, na sijaukuta katika kitabu chochote cha darasani. Hesabu za siasa zilikuwamo, sina shaka: kabaka aliyerudishwa kitini kwa msaada wa Wakristo angewafaa Wakristo. Lakini hesabu hizo haziondoi kile kitendo cha kwanza cha kufungua mlango. Mwaka 1889 Charles Stokes, aliyewahi kuwa wa CMS kisha akawa mfanyabiashara wa pembe, alimchukua Mwanga kwenye mashua yake kurudi kaskazini. Baada ya vita vya kupokezana, Mwanga alikaa tena Mengo.

Mwishoni mwa Agosti 1889 Stanley alirejea kusini mwa ziwa, safari hii akitokea Kongo na Emin Pasha, na watu wake wakapumzika Usambiro karibu wiki tatu. Alimkuta Mackay akiwa na vitabu, mashine na bustani, na alimsifu baadaye kuliko alivyowasifu Wazungu wengi. Alimshauri aondoke naye kwenda pwani. Mackay alikataa, akisema hana mtu wa kumwachia kazi. Padre Girault, ambaye macho yalikuwa yanamsumbua, na Padre August Schynse waliondoka Bukumbi wakaungana na msafara huo hadi Bagamoyo.

Mackay alikufa kwa malaria tarehe 8 Februari 1890, umri wake miaka 40. Mwenzake, Deekes, mwenyewe akiwa mgonjwa, alimzika kando ya Askofu Parker na Blackburn, huku Waganda Wakristo na vijana wa kijijini wamelizunguka kaburi.

Bukumbi, upande wa pili, iliona siku yake kubwa miezi mitatu baadaye. Livinhac alikuwa ameitwa kuwa mkuu wa shirika lote. Kabla ya kuondoka, tarehe 25 Mei 1890, alimweka wakfu Hirth kuwa askofu. Mji wa Mwanza haukuwa na ngome ya Wajerumani bado, wala Bukoba haijaanzishwa. Ibada ya kumweka askofu, yenye mafuta, fimbo na pete, ilifanyika katika kijiji cha Usukuma mbele ya watoto waliokombolewa, wakimbizi Waganda na wenyeji wa mtemi wa Bukumbi. Mwaka uliofuata Schynse, aliyekuwa amerudi kutoka pwani pamoja na Emin na kuchora ramani ya pwani ya kusini magharibi ya ziwa, alikufa Bukumbi tarehe 18 Novemba 1891. Alikuwa na miaka 34. Miaka hiyohiyo sotoka iliwafagia ng'ombe wa Usukuma na njaa ikafuata. Misheni ikapata vifo vya watu wake na vya waliokimbilia kwake.

Baada ya hapo historia ilihama. Vita vya Mengo vya Januari 1892 viliwaleta wakimbizi Wakatoliki upande wa Bukoba, na Hirth akajenga kazi yake Kashozi. Desemba 1901 reli ya Uganda ilifika ziwani, mahali panapoitwa Kisumu leo. Tangu siku hiyo hakuna aliyekuwa na haja ya kutembea kwa miezi kutoka Bagamoyo ili avuke kutokea kusini. Usambiro ilikuwa tayari imeachwa. CMS walibaki na kituo cha Nassa, nao mwaka 1909 wakaikabidhi kwa Africa Inland Mission, chimbuko la AIC ya leo yenye makao yake Mwanza.

Na wafu wakubwa nao walihama. Mifupa ya Hannington ilizikwa Namirembe siku ya mwisho ya mwaka 1892. Mwanga alifia uhamishoni Shelisheli mwaka 1903, akiwa amebatizwa Danieli, na mwaka 1910 mabaki yake yakarudishwa kuzikwa Kasubi. Mwaka 1927 ikaja zamu ya Mackay: alifukuliwa Usambiro akapelekwa Namirembe, ambako kaburi lake linatembelewa hadi leo. Waganda walikuwa na haki ya kumtaka aliyewatafsiria Injili. Lakini Usambiro ilipompoteza ilipoteza sababu ya kukumbukwa. Hapakuwa na jumuiya iliyobaki pale, hapakuwa na kengele ya Jumapili, na mashamba yakachukua nafasi yake.

Bukumbi haikupatwa na hilo, na sababu si ubora wa majengo yake. Waliozikwa pale hawakuwa na mtu wa kuja kuwachukua. Hakuna kanisa kuu la nchi nyingine lililowahitaji watoto wa utumwani. Walibaki, na wenzao walioishi walioana, wakalima, wakazaa, wakawa wanaparokia. Parokia iliyo hai ndiyo iliyoyashika makaburi ya mwanzo, kizazi baada ya kizazi.

Hali ya sasa inataka uangalifu wa namna nyingine. Buhongwa, ambayo wazee wanaikumbuka ikiwa mashamba ya mihogo na mpunga, imejaa nyumba na viwanja vyenye namba, na mji unaendelea kusogea kusini kufuata lami na daraja. Ardhi ya Bukumbi itapanda bei. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Misheni ya Kamoga imeukosa ulinzi huo kwa miaka ishirini tu. Sheria hiyohiyo inampa waziri mwenye dhamana uwezo wa kutangaza sehemu nyingine kuwa za kulindwa kwa sababu ya thamani yake ya kihistoria, kwa hiyo njia ipo na haihitaji bunge kukaa upya.

Kinachohitajika kwanza ni mipaka na majina. Shajara za vituo zimehifadhiwa katika nyaraka kuu za Wamisionari wa Afrika mjini Roma. Barua za CMS, pamoja na za Mackay, ziko Birmingham. Vitabu vya ubatizo huandika jina la kila aliyebatizwa, mkubwa kwa mdogo. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino kiko Malimbe, mwendo mfupi kutoka Buhongwa, kina wanafunzi wanaosoma historia na wanaoweza kusoma Kifaransa cha mapadre wakifundishwa. Watoto wa mwaka 1883 wapewe orodha yao, iandikwe kwa Kiswahili, itundikwe kanisani pale Bukumbi karibu na majina ya maaskofu.